Ugogo Si Jangwa, Jamani

Mwaka juzi niliandika insha ya safari ya basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Ilikuwa na sentensi moja iliyowafurahisha watu kuliko nyingine zote: kwamba tulipoipita Gairo, dunia iliisha na jangwa likaanza. Watu waliinukuu. Mmoja aliniambia imemkaa kichwani wiki nzima. Nami, kwa kuwa ni binadamu, nikavimba kichwa.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa jiografia aliyezaliwa Mvumi, aliisoma pia. Hakusifu. Alinipigia simu usiku akaniuliza swali moja tu.

“Kaka, ukishaipita Gairo, mji unaofuata ni upi?”

Nikamwambia ukweli: sijui, nilikuwa nimesinzia.

“Ni Kibaigwa,” akasema. “Kibaigwa kuna soko la mahindi. Malori yanapanga foleni kupakia nafaka. Sasa nieleze, ni jangwa gani hilo linalouza mahindi?”

Sikuwa na jibu. Akaendelea, na hapo sauti ikabadilika kidogo: “Nyie waandishi mkifika kwetu mnafumba macho, halafu mnaandika giza mlilolikuta ndani ya kope zenu.”

Aliniambia nije Agosti, mwezi ambao nchi yao imekauka kuliko wakati wowote, ili nisije nikasema nimedanganywa na majani ya masika. Nikaenda. Tulizunguka siku nne kwa gari lake bovu, mimi nikiwa na daftari, yeye akiwa na domo. Ninachoandika hapa si ripoti ya utalii. Ni kesi, na mshtakiwa wa kwanza ni mimi. Lakini sitakubali kukaa kizimbani peke yangu, maana neno hili “jangwa” nimelikuta kwenye insha zetu, hadithi zetu na mashairi yetu kila basi linapopita katikati ya nchi.

Tuanze na hesabu, kwa sababu mwalimu alianza nayo. Wataalamu wa hali ya hewa kwa kawaida huita jangwa mahali panapopata mvua chini ya milimita 250 kwa mwaka. Dodoma hupata kati ya milimita 500 na 600. Shida yake ni namna mvua inavyokuja: karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, tena kwa mapigo makubwa, kisha miezi saba mbingu hufungwa. Hiyo ni nchi kame. Ni nchi ngumu, na sitaki kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa: njaa imeua watu Ugogo, na mwanamke anayetembea na ndoo kutafuta maji mwezi wa kumi hahitaji mimi nimwambie kwamba takwimu ziko upande wake.

Ila kati ya “kame” na “jangwa” kuna tofauti ambayo sisi tunaodai kupenda maneno tungepaswa kuiona kwanza. “Kame” inasema juu ya maji. “Jangwa”, tunavyolitumia kwenye insha zetu, linasema juu ya watu. Linasema hapana mtu, hapana jambo, endelea na safari. Na neno likishasema hapana mtu, kila anayekuja nyuma yake ana ruhusa ya kufanya apendavyo.

Ndiyo maana siku ya kwanza mwalimu alinipeleka Kongwa.

Kutoka mjini unashika barabara ya Dar, unafika Mbande, unakata kulia. Nilitegemea kuona maajabu. Niliona mibuyu isiyo na jani, udongo mwekundu, na ng'ombe wa rangi ya vumbi. Mwalimu akasimamisha gari, akachukua jembe kutoka buti, akanipa. “Lima.” Nikapiga. Jembe likaruka kama limepiga sakafu ya saruji. Akacheka. “Hapo ndipo walipotaka kung'oa karanga.”

Kisa chenyewe wengi tunakijua juu juu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe mdogo ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki kutafuta ardhi, na kufikia 1947 mpango ukaanza: zaidi ya ekari milioni 3 zilimwe karanga kwa mashine, nyingi zikiwa Tanganyika, na Kongwa iwe mahali pa kuanzia. Eneo lilichaguliwa kwa kuwa lilionekana halina watu wa kuhamisha. Mwaka wa kwanza walilenga kufyeka ekari 150,000. Walifyeka kama 7,500. Mizizi ya vichaka ilivunja matrekta. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta, navyo vikashindwa. Udongo wa mfinyanzi ukikauka hushika karanga kama ngumi, na mvua haikufuata kalenda ya London. Januari 1951 mpango ulifutwa, na pauni milioni 36 za walipa kodi wa Kiingereza zikawa zimeliwa na kichaka.

Tunapenda kukisimulia kisa hiki kama kichekesho cha Mzungu. Mimi pia nilicheka, hadi mwalimu aliponikata. “Unacheka nini? Wao na wewe mmefanya kosa lilelile. Waliangalia wakaona patupu. Wewe uliangalia ukaona patupu. Tofauti ni kwamba wao walikuja na matrekta.”

Watu waliokuwa wakiishi kandokando ya hapo walikuwa wanajua kitu kimoja ambacho hakikuingia kwenye mpango: kwamba pale unapanda uwele na mtama, zao linalovumilia mvua ikichelewa, na kwamba mali yako huiweki mahali pamoja. Mgogo mwenye ng'ombe alikuwa akiwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame ukipiga huku, wale wa kule wapone. Huo ni ujuzi. Ungeandikwa na mtu wa chuo ungeitwa nadharia.

Na Kongwa haikuishia kwenye karanga. Kuanzia 1964 palikuwa na kambi za wapigania uhuru: FRELIMO wa Msumbiji, SWAPO wa Namibia, ANC wa Afrika Kusini, MPLA wa Angola. Vijana waliotoka pwani ya Bahari ya Hindi na pwani ya Atlantiki walikutana kwenye kichaka kile kile kilichokataa karanga, wakajifunza kushika bunduki, wakajifunza Kiswahili, wakapenda wasichana wa pale. Chris Hani alipita hapo. Nauliza kwa uchungu kabisa: riwaya ya Kiswahili ya Kongwa iko wapi? Tuna riwaya ngapi za kijana aliyekwenda mjini akapotea? Mimi sijawahi kusoma hata moja ya msichana wa Kongwa aliyezaa na mpiganaji ambaye hakurudi.

Tukiwa njiani kurudi, tukaongea habari za misafara. Njia kuu ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Ugogo. Kabla ya kuingia, msafara ulilazimika kuvuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji baina ya Mpwapwa na makazi ya Wagogo. Burton alipita njia hiyo mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na wote wawili walilalamika kwa sababu ileile: hongo. Kila mtemi alidai vitambaa, shanga na waya kabla ya kuruhusu msafara upite na kunywa. Ukisoma vitabu vyao utadhani Ugogo ilikuwa genge la wanyang'anyi.

Hebu fikiri tena. Msafara wa watu mamia unafika kiangazi kwenye kisima ambacho wewe na babu yako mmekichimba kwa mikono. Wanakunywa, wanakula nafaka yako, wanaondoka na pembe za ndovu. Unaomba malipo. Ungeitwaje leo? Ungeitwa mamlaka ya maji. Lakini walioandika walikuwa ni wale waliotozwa, si wale waliotoza. Na tazameni Kiswahili chenyewe kilichotokea na neno hilo: hongo, ushuru wa njia, leo ni rushwa. Nasi tukalipokea hivyo hivyo bila kuuliza ni nani aliyelichafua.

Hata njaa yenyewe, ile tunayoitumia kama ushahidi kwamba Ugogo ni jangwa, ina historia. Njaa kubwa ambayo Wagogo waliita Mtunya ilikuja mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1917 na 1920. Mvua ilikosekana, ndiyo. Ila kabla ya mvua kukosekana, jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, kisha jeshi la Waingereza likaja likachukua tena. Ile akiba ya ng'ombe waliotawanywa kwa marafiki ilikuwa imeshafagiliwa. Watu walikufa kwa maelfu. Ukisema “jangwa liliwaua” umewasamehe wote waliobeba bunduki.

Siku ya pili ilikuwa ya maji na mvinyo, kwa mpangilio huo.

Makutupora iko kaskazini ya mji, kwenye barabara ya Kondoa. Kwa macho ni tambarare tu. Chini yake kuna maji ambayo mji mkuu wa Tanzania umeyategemea kwa miongo mingi. Kina cha maji hayo kimepimwa tangu miaka ya 1950, na mwaka 2013 wanasayansi walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55 kutoka visima vya hapo, moja ya kumbukumbu ndefu za aina hiyo katika ukanda wa tropiki. Walichogundua ni hiki: maji ya chini hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Miaka mingi mfululizo kina hushuka tu. Kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi, mara nyingi ule unaohusiana na El Niño, na kisima kizima kinapanda kwa mpigo.

Mwalimu alikuwa akinieleza haya huku akichora kwa kijiti mchangani, watoto watatu wakiwa wamesimama kumsikiliza. Nikajiona mjinga. Nimeandika kurasa kumi na mbili juu ya ardhi ile na sikuwa na habari kwamba ina tabia, ina kumbukumbu, na kwamba kuna watu waliokaa wakaipima kwa subira kwa zaidi ya nusu karne. Sisi tulipita na basi tukaipa sifa moja.

Makutupora hiyo hiyo ina kituo cha utafiti wa zabibu. Hapa najua baadhi ya wasomaji wataguna. Wengine kwa sababu za dini, na hao nawaheshimu. Zabibu huliwa pia, wala si lazima inywewe. Wengine watasema mvinyo si wetu, ni mambo ya wamisionari. Ni kweli mizabibu ya Dodoma ilianzia kwa mapadre wa Kitaliano wa Bihawana, nje kidogo ya mji, miaka ya 1950. Lakini na mahindi tunayoyalilia si yetu, yalitoka Amerika. Muhogo vilevile. Kitu huwa chetu kwa kukifanyia kazi, na mkulima wa Hombolo aliyeinama kwenye mzabibu miaka thelathini amekwisha kulipa.

Kinachostaajabisha ni kwamba wanavuna mara mbili kwa mwaka. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, kwa hiyo mavuno ni mamoja. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, basi mkulima ndiye anayeuamuru. Akipogolea matawi, mzabibu hudhani ni mwaka mpya, unachipua, na baada ya miezi minne hivi kuna zabibu. Mavuno huja mwanzoni mwa mwaka, kisha tena Agosti na Septemba. Yale ya kiangazi ndiyo matamu, maana jua ni kali na hakuna mvua ya kuozesha vichala. Kile tulichokiita laana ya jangwa ndicho kinachoweka sukari kwenye tunda.

Na lugha yetu ina maneno mawili kwa kinywaji hicho, yote mawili ya kuletwa: mvinyo, lililotoka kwa Wareno, na divai, lililotoka kwa Wafaransa. Mwalimu akasema kijijini kwao hawatumii lolote kati ya hayo. Wanasema “waini” na mambo yanakwenda.

Tulifika kwa mama mmoja mwenye ekari moja na robo. Tukamwamkia, akatukaribisha chini ya mti, akatuletea zabibu kwenye sinia na baada yake ugali wa uwele na mlenda. Vichala vilikuwa vimejaa shambani, vingine vimeanza kusinyaa. Nikasema kwa furaha, “Mama, mavuno mazuri.” Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto.

“Mazuri kwa nani, mwanangu? Mnunuzi alisema atakuja wiki iliyopita. Alikuja, akanunua kwa jirani, akasema tangi limejaa. Zabibu haingoji kama mtama. Kesho kutwa hizi nitauza ndoo kwa bei ya ubuyu.”

Sina la kupamba hapo. Kero ya soko la zabibu ni ya miaka na miaka: kampuni ya umma iliyokuwa ikinunua na kusindika ilikufa, wanunuzi binafsi hawatoshi, na zao lisilowekeka ghalani halimpi mkulima nafasi ya kukataa bei. Mtu ataniuliza, insha zenu zingemsaidia nini? Pengine kidogo. Lakini angalieni: mtu wa Dar anayeamini Dodoma ni jangwa, akiona chupa imeandikwa Dodoma anacheka, ananunua ya kutoka Afrika Kusini. Jina baya la mahali ni hasara inayohesabika kwa shilingi, na sisi ndio watengeneza majina.

Jioni tulikunywa ile nyekundu ya pale kwa nyama ya mbuzi. Sitajifanya mjuzi wa mvinyo. Ilikuwa kavu, ina ukali wa mwishoni, na glasi ya pili ilikuwa bora kuliko ya kwanza. Mwalimu alikunywa soda.

Siku ya tatu na ya nne zilikuwa za Kondoa. Siku hizi ni lami tupu. Kutoka Dodoma mjini hadi Kondoa ni kama kilomita 160, na Kolo iko mbele yake kidogo. Njiani unaona milima ya Irangi na makorongo makubwa yaliyochimbwa na maji, mengine marefu kuliko nyumba. Hapo ndipo ulipofanyika mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973. Mwaka 1979 serikali iliamua mifugo yote iondolewe kwenye eneo lililoharibika. Majani yalirudi, miti ikarudi, na wageni walikuja kusoma mafanikio. Wafugaji walioamka siku moja wakaambiwa ng'ombe nje, wao walikuwa gharama. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja. Hiyo ni riwaya nyingine iliyokaa kando ya barabara ikisubiri mwandishi asiyesinzia.

Kolo kuna ofisi ya mambo ya kale. Tukaripoti, tukapewa mzee wa kutuongoza.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mnataka kuona picha au mnataka kupiga picha?”

Tukacheka, tukasema yote. Akasema, “Basi muone kwanza.”

Unapanda mlima kwa miguu, mawe yanaserereka, jua linakupiga kisogoni. Halafu unafika chini ya mwamba ulioinama, unasubiri macho yazoee kivuli, na watu wanaanza kutoka ukutani. Nasema watu kwa makusudi. Ni warefu, wembamba, rangi nyekundu, vichwa vimevikwa kitu ambacho ni nywele au kofia au mwanga, hujui. Wengine wameinama, wengine kama wanaelea. Kuna twiga, kuna tembo, kuna pofu. Juu yao, sehemu nyingine, kuna michoro myeupe iliyokuja baadaye, mizito, iliyochorwa kwa kidole.

Michoro hii ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mary Leakey alikaa hapa mwaka 1951 akiinakili mmoja mmoja kwa mkono, na kitabu chake kikatoka 1983. Wengi huihusisha ile myekundu na mababu wa Wasandawe, ambao mpaka leo wanaishi karibu na hapo na kusema lugha yenye vidoko. Kuna mchoro mmoja wa Kolo ambao Leakey aliusoma kama utekaji: mwanamke katikati, watu wanamvuta huku na kule. Watafiti waliokuja baadaye wakasema hapana, si utekaji, ni ngoma ya uponyaji, hao wanamshika mtu aliyepandisha.

Fikirini hilo, nyie mnaopenda fasihi. Ukuta mmoja, watu watano, usomaji mbili zinazopingana kabisa: moja ni jeuri, nyingine ni huruma. Tunabishana miaka kumi juu ya mhusika wa riwaya fulani, na mgogoro wa tafsiri mkubwa kuliko huo uko saa chache kutoka Dodoma, nasi tumewaachia wanaakiolojia waubishanie kwa Kiingereza, kwenye majarida ambayo mzee yule anayeongoza wageni hawezi kuyanunua.

Nikamuuliza yeye anaonaje. Akafikiri. “Wanaokuja wanaangalia mkono unaovuta. Mimi naangalia miguu. Miguu ya huyo mama haikatai.”

Sijui kama yuko sahihi. Najua huo ni uhakiki, na umefanywa kwa Kiswahili.

Mlima ule bado una kazi. Watu wa pale hupanda Mungomi wa Kolo kutambika, kuomba mvua na uponyaji, na pombe ya kienyeji humwagwa kwenye mwamba. Wahifadhi wanalia kwamba pombe inaharibu rangi. Wazee wanasema mwamba usiopewa kitu ni jiwe tu. Mimi siwezi kuamua ugomvi huo, ila naona wote wawili wanakubaliana jambo moja ambalo mimi nililikana kwenye insha yangu: kwamba pale kuna mtu.

Mtanijibu kwamba nakuza mambo. Mwandishi ana uhuru wa tamathali, “jangwa” ni picha tu, hatuendi na kipimo cha mvua mfukoni. Sawa. Lakini tamathali ina anuani. Mshairi akisema moyo wake ni jangwa, jangwa hilo ni lake, na alie nalo. Akisema kwa watu wengine ni jangwa, basi amesema habari zao, na wana haki ya kumwambia mwongo. Na mbona pwani hatuiiti hivyo? Kila gofu la pwani tumelitungia shairi, kila mlango uliochongwa tumeuandikia makala. Bara ilikuwa “nyika” tangu enzi za misafara, na sisi wa leo, tuliosoma, wenye simu za kutafutia chochote, bado tunaangalia bara kwa macho ya mpagazi aliyechoka.

Ubaya zaidi ni kwamba tumemsahau mtu aliyetuonyesha njia. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, alikuwa Mgogo. Kiswahili kilikuwa lugha ya kujifunza kwake, na akakijua hadi akawa miongoni mwa washairi wakubwa wa karne iliyopita, kiongozi wa UKUTA, mtu ambaye ngonjera za shuleni zinamdai shukrani. Mwaka 1954 alichapisha kwa Kiswahili kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Alikuwa ameshajibu insha yangu kabla sijazaliwa. Ihumwa leo inatazamana na mji wa serikali wa Mtumba, na nimepita hapo mara ngapi nikiangalia maghorofa mapya, nisijue nimepita kwa nani. Hukwe Zawose naye alitoka Ugogo na ilimba na zeze lake, akapiga hadi Ulaya, wageni wakanunua santuri zake. Tunamtaja akifa mtu mwingine maarufu, kwenye orodha.

Siku ya mwisho, tukirudi mjini, mwalimu aliniuliza kama najua maana ya Marenga Mkali. Nikasema ni jina tu la mahali. Akasema marenga ni malenga, na kwa Kigogo malenga ni maji. Maji makali, ya chumvi.

“Na kwenu nyie malenga ni nani?” akauliza, ingawa alijua.

Nikamjibu: mshairi bingwa.

“Haya,” akasema, akabadilisha gia.

Najua ni sadfa ya sauti tu, maneno mawili yasiyo na undugu. Lakini nimekaa nayo tangu siku hiyo.

Kwa hiyo naomba mambo ya kawaida kabisa. Vitabu vya Mnyampala vichapishwe upya, kwa bei ambayo mwanafunzi wa Chamwino anaweza kulipa. Mtu mwenye uwezo wa lugha mbili aandike kitabu cha Kiswahili juu ya michoro ya Kolo, na amuhoji yule mzee wa miguu. Anayetafuta mada ya riwaya aende Kongwa akae mwezi. Mkipita Dodoma Agosti, nunueni ndoo ya zabibu na msipunguze bei. Na treni hii mpya ya SGR, inayowafikisha Dodoma kabla hamjamaliza kitabu, isiwe sababu nyingine ya kusinzia.

Ile sentensi yangu nimeiomba ifutwe. Mhariri aliniuliza niweke nini mahali pake. Nikamwandikia: “Baada ya Gairo tulifika Kibaigwa, na malori ya mahindi yalikuwa yamepanga foleni.” Akasema ya zamani ilikuwa nzuri zaidi. Nikamwambia aweke hii hii.